Wasifu wa Msanii na Malezi ya Vijana

Kijana wa Ipinda au Matema, mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, akisoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, anamkuta binti wa Fumba, Unguja, aliyetembeza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, na ambaye mwaka 1928 alirekodiwa Bombay akiimba kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo nguvu ya kitabu: kinaonyesha kwamba sanaa hutoka kwa wanyonge.

Hata hivyo, tukikosoe kindugu. Mwandishi ameipa tabia ya mtu mmoja uzito kuliko kundi. Siti hakuimba peke yake. Alikuwa na wapiga ala wenzake, na wanyonge wa Ng'ambo ndio waliompa mambo ya kuimba. Kijana asipouona umma huo, atadhani sifa ni mali ya mtu binafsi. Huo ndio mwanzo wa ubinafsi.

Kyela kuna ing'oma, na haipigwi na mtu mmoja. Wazee wengi walioijua wamefariki bila kuandikwa. Makada na wanafunzi, tuwaandike waliobaki, kila mmoja pamoja na kundi lake.