Uhalisia wa Chuma na Ujira wa Risasi: Michezo ya Video ya Kivita Ikisomwa kutoka Beni na Butembo

Utangulizi

Makala haya yanahakiki michezo ya video ya kivita ambamo mchezaji huiona dunia kwa macho ya askari, bunduki ikiwa mbele ya uso wake. Kwa istilahi ya fasihi tungesema kwamba michezo hii imetungwa katika nafsi ya kwanza. Iliyo maarufu zaidi, kama vile Call of Duty iliyoanza mwaka 2003, hunadiwa kwa sifa moja kuu, nayo ni uhalisia. Swali letu ni hili: uhalisia huo ni wa kitu gani, na mchezo unamlipa mchezaji kwa kutenda nini? Mizani yetu ni Beni na Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko vita si mandhari ya kubuni. Na tangu mwaka 2019, Call of Duty ilipotolewa bila malipo kwa simu za mkononi, mchezaji hahitaji tena mashine ya gharama kubwa ili kuingia katika vita vya skrini.

Dhana ya uhalisia

Katika insha yake ya mwaka 1936, Georg Lukács alitofautisha kusimulia na kueleza. Kwa maoni yake, mwandishi anayerundika maelezo ya vitu, hata yakiwa sahihi kiasi gani, hajaufikia uhalisia iwapo vitu hivyo havikufungamana na hatima ya watu. Mwaka 2004 Alexander Galloway alilijadili suala la uhalisia katika uwanja wa michezo ya video. Alisisitiza kwamba picha kufanana na kitu ni jambo moja, na uhalisia wa kijamii ni jambo jingine. Uhalisia wa kijamii huhitaji ulinganifu kati ya yatendekayo mchezoni na mazingira anamoishi mchezaji. Kwa kigezo hicho, mchezo ule ule waweza kuwa halisi kwa mtu mmoja na kuwa ngano kwa mwingine.

Tukiichunguza michezo hii kwa jicho hilo, tunaona kwamba uhalisia unaosifiwa ni uhalisia wa chuma. Mlio wa bunduki, namna inavyoruka inapofyatuliwa, idadi ya risasi zilizobaki: yote haya hufanyiwa utafiti wa kina. Mwili wa aliyeishika bunduki, kwa upande mwingine, ni mwili wa ngano. Katika Call of Duty 2 ya mwaka 2005, na katika mingi iliyofuata, askari aliyejeruhiwa hujibanza nyuma ya ukuta, hutulia kwa sekunde chache, kisha huinuka akiwa mzima.

Msomaji wa Kivu ataitambua ahadi hiyo. Wapiganaji wa Mai-Mai walipata jina lao kutokana na maji ya dawa yanayoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji, imani inayofanana na ile ya Vita vya Maji Maji vya Tanganyika, 1905 hadi 1907. Hata hivyo, dawa ya Mai-Mai huambatana na miiko, kama vile kutoiba na kutonajisi wanawake, na aliyeuvunja mwiko huaminiwa kuwa kinga imemwacha. Wengi wameivunja miiko hiyo, lakini angalau mfumo wenyewe unakiri kwamba kinga ina masharti. Mchezo wa video hutoa kinga bila mwiko wowote.

Malipo

Malipo ndiyo njia ambayo mtunzi wa mchezo humwonyesha mchezaji lipi ni jema. Katika Call of Duty 4: Modern Warfare ya mwaka 2007, wachezaji wanapopambana wao kwa wao, aliyeua maadui 3 mfululizo bila kufa hupewa uwezo wa kuona maadui walipo, akifikisha 5 huitisha mashambulizi ya ndege, akifikisha 7 huletewa helikopta. Kila anayeangushwa huzaa alama, alama huzaa cheo, na cheo hufungua silaha mpya. Kazi nyingine pia zina alama zake, lakini kuua ndicho kitenzi chenye ujira wa haraka na wa hakika.

America's Army, uliotolewa na jeshi la Marekani mwaka 2002 na kufungwa mwaka 2022, ulijaribu kuweka adhabu: aliyekiuka kanuni za mapigano aliweza kujikuta katika chumba cha gereza. Lakini kila upande ulijiona kuwa ndio askari wa Marekani, na upande wa pili kuwa ndio adui. Hapakuwa na mchezaji aliyelazimika kujiona kwa macho ya aliyelengwa.

Far Cry 2 ya mwaka 2008 umetungwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina. Mhusika ni mamluki anayelipwa kwa almasi. Bunduki zake hushika kutu na kukwama, naye huugua malaria. Kwa kuunganisha vita na maradhi, mchezo huu unaukaribia ukweli kuliko mingine. Butembo iliona muungano huo kati ya mwaka 2018 na 2020, wakati wa Ebola iliyoua watu 2,287 katika mlipuko mzima, huku vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikishambuliwa Februari 2019. Hata hivyo, nchi ya Far Cry 2 karibu haina wenyeji. Raia wachache waliojificha huonekana hasa pale mamluki anapohitaji dawa. Mashamba, soko na shule hazimo katika hesabu.

Mizani ya Beni

Tangu Oktoba 2014, eneo la Beni limeshuhudia mauaji ya raia yanayohusishwa hasa na kundi la ADF lenye asili ya Uganda. Wanaouawa ni wakulima waliokwenda mashambani, wasafiri na watu waliolala majumbani, na mara nyingi silaha ni panga. Wanajeshi nao hufa. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani huko Semuliki ilishambuliwa, na wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Lakini mapambano ya vikosi viwili vinavyotazamana, ambayo ndiyo msingi wa michezo tunayoihakiki, si sura pekee wala sura kuu ya vita hivi. Ukiviondoa shamba, njia ya kwenda shambani na hofu ya anayerudi jioni, umekiondoa kiini chake.

Lipo jambo moja ambalo michezo hii imelipatia bila kukusudia. Katika mashariki ya Kongo, baada ya makubaliano mbalimbali ya amani, viongozi wa makundi yenye silaha waliingizwa jeshini wakiwa na vyeo vikubwa. Hesabu ya mchezo, kwamba risasi huleta cheo, imewahi kuwa hesabu ya siasa. Waliolipia hesabu hiyo ni pamoja na watoto walioitwa kadogo katika vita vya 1996 na 1997, na wale wa Ituri jirani ambao kwa ajili ya kuandikishwa kwao Thomas Lubanga alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba michezo ndiyo inayofundisha uuaji. Kadogo hao hawakufunzwa na skrini. Kasoro ya michezo ni kwamba inaionyesha hesabu hiyo ikiwa na upande mmoja tu, ule wa mapato.

Hitimisho

Isidhaniwe kwamba sanaa hii haiwezi kutenda vinginevyo. This War of Mine ya mwaka 2014, ingawa hautumii mtazamo wa nafsi ya kwanza, unamweka mchezaji miongoni mwa raia wa mji uliozingirwa. Humo aliyeua ili apate chakula huweza kurudi akiwa amevunjika moyo hata asiweze kufanya kazi. Nyongeza ya Arma 3 iliyotolewa mwaka 2017 juu ya sheria za vita ilimpa mchezaji nafasi ya mtegua mabomu, anayerudi katika kijiji ambacho vita vimekipitia. Bunduki ni zile zile. Kilichobadilika ni kile kinacholipwa na yule anayehesabiwa.

Tunapendekeza, basi, kwamba mhakiki wa Kiswahili asiupime uhalisia wa michezo hii kwa mlio wa bunduki. Aulize nani amebaki baada ya risasi, nani anazika, na shamba limeachwa kwa nani. Mchezo usio na majibu kwa maswali hayo unaweza kuwa na ufundi mkubwa na kumpendeza anayeucheza, lakini Beni haitakuwa na sababu ya kuuita halisi.