Mkono Begani: Kukua na Kutengana katika Rafiki na Heartstopper

Kila hadithi ya mapenzi ya vijana hubeba swali moja: je, wawili hawa watapendana bado watakapokuwa wamebadilika? Kijana wa miaka 17 siye atakayekuwa na miaka 25. Insha hii inahakiki jinsi swali hilo linavyoulizwa katika kazi mbili zinazohusu vijana wa jinsia moja wanaopendana. Ya kwanza ni tamthilia ya Uingereza Heartstopper, iliyotungwa na Alice Oseman na kuanza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2022. Ya pili ni filamu ya Kenya Rafiki (2018), iliyoongozwa na Wanuri Kahiu. Filamu hii ina mzizi Uganda, kwani imetokana na hadithi fupi "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ni rahisi kuiona Rafiki kuwa filamu ya mateso. Hoja yangu ni kwamba dhamira yake kuu ni kukua.

Tuanze na tamthilia. Katika msimu wa kwanza, Nick na Charlie wanajiuliza kama wanapendana. Kufikia msimu wa tatu (2024) swali limegeuka. Charlie anaugua, hawezi kula, na inabidi atibiwe mbali na nyumbani. Nick, aliyemtangulia kwa mwaka mmoja wa masomo, anaanza kutembelea vyuo vikuu. Shangazi yake Nick anamweleza kwamba mapenzi peke yake hayaponyi ugonjwa. Adui hapa ni kalenda: mmoja ataondoka kwanza. Oseman ana vipindi 24 vya kuonyesha mabadiliko haya kidogo kidogo, na hiyo ndiyo nguvu ya kazi yake. Udhaifu wake ni kwamba karibu kila tatizo hupata mtu mzima mwenye subira wa kuliongea.

Kena na Ziki wa Rafiki hawana mtu huyo. Wanaishi mtaani Nairobi, na baba zao wanashindana katika uchaguzi mmoja. Mahali pao pa faragha ni gari bovu lililotelekezwa. Umati unapowavamia, Kena na Ziki wanapigwa, wanafikishwa polisi, na hatimaye Ziki anapelekwa London. Matukio haya ni mazito kiasi kwamba mtazamaji anaweza kusahau mazungumzo yaliyoyatangulia. Kena alikuwa akisubiri matokeo ya mtihani na alitaka kuwa muuguzi. Ziki ndiye aliyemuuliza kwa nini asiwe daktari. Wanaahidiana kwamba hawatakuwa kama watu wanaowazunguka. Ahadi kama hiyo imo pia katika hadithi ya Arac de Nyeko, baina ya Anyango na Sanyu wa nyumba za Nakawa, Kampala. Lakini katika hadithi Anyango anaishia kuwa muuguzi, na anamwandikia Sanyu barua akijua kwamba anarudi kutoka London. Kahiu amempandisha Kena hadi udaktari. Badiliko hili dogo lina maana kubwa: Kena anakuwa kile ambacho mpenzi wake alikiona ndani yake kabla yeye mwenyewe hajakiona. Ziki hayupo, lakini kazi yake inaendelea.

Ndiyo sababu mwisho wa filamu ulizua ugomvi. Miaka imepita, Kena ni daktari, Ziki amerudi, na tunaona mkono umewekwa begani. Basi. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018. Kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, bodi ilimtaka abadilishe mwisho ili usiwe na matumaini, naye akakataa. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Tukilitafakari jambo hili kifani, tunaona kwamba kipigo kingeweza kuvumiliwa. Kisichovumilika ni kurudi.

Hata hivyo filamu ina pengo. Kati ya kutengana na mkono begani, miaka imerukwa. Hatumwoni Kena akisoma usiku, akikata tamaa, au akijaribu kupenda mtu mwingine. Tunaambiwa amekua, hatuonyeshwi. Hapa Heartstopper inaizidi Rafiki, ingawa ni haki kukumbuka kwamba filamu ina muda usiozidi saa moja na nusu.

Nilipokuwa likizo Koboko, nilimsimulia mjomba wangu kisa cha Rafiki. Anauza vitambaa sokoni, na Kiswahili chake ni cha biashara na mpakani. Lugha yetu haitenganishi "yeye" wa kiume na wa kike, na "mpenzi wake" anaweza kuwa yeyote. Mjomba alifuata kwa makini. Nilipofika London aliuliza, "Aliandika barua?" Ndipo nikamwambia kwamba wote wawili ni wasichana. Akanyamaza, akakunja kitambaa, akakirudisha mahali pake. Kisha akasema, "Hayo mengine usiniambie mimi, mwanangu. Lakini barua aliandika?"

Sijui kama nilifanya vyema kumsimulia vile. Nchini kwetu sheria ya 2023 inatisha hata anayezungumza, na Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliacha sehemu yake kubwa isimame. Mjomba hakubadili msimamo wake, wala sikumwomba abadili. Lakini swali lake ni uhakiki bora kuliko niliokuwa nimeandika. Alikuwa tayari amewajali watu wawili kabla hajajua kwamba hakutakiwa kuwajali, na baada ya kujua hakuweza kuacha kutaka kujua mwisho wao.

Nilimjibu kwamba katika filamu mtu alirudi mwenyewe, na katika hadithi barua iliandikwa na yule aliyebaki. Akatikisa kichwa. "Aliyebaki ndiye huandika," alisema, akamgeukia mteja.