Miguu Haianikwi

Mlioitazama ile video ya kuosha miguu ya watoto wenye funza kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Kimilili mnajua kosa lilitendeka wapi: kwenye karai la mwisho. Msichana wa kujitolea amemtoa mtoto mguu majini, vidole vyake vimeshaingia kwenye kopo la mafuta ya mgando. Mkuu wa zoezi, yule mwenye filimbi shingoni, anampungia mkono. "Ngoja, dada, ikauke kwanza. Itachafua viatu." Kopo linafunikwa. Watoto wanaketishwa kwenye turubai la kuanikia mahindi, miguu imenyooshwa juani, na hapo ndipo kazi ya asubuhi nzima ilipoharibika.

Nimekirudia kipande hicho nikimtafutia mtu huyu utetezi na sijauona. Mguu uliolowa robo saa umekunywa maji. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa zilizopangwa kama matofali, na mafuta ya asili ndiyo udongo unaoyashikanisha. Likilowa, tabaka hilo huvimba na kulainika. Dakika chache baada ya kutoka majini ndizo dakika za mafuta: paka hapo, maji yabaki ndani. Ukianika, jua na upepo wa Trans Nzoia vinayafyonza yote, na ngozi inabaki kavu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuoshwa, kwa kuwa sabuni imekwisha kuondoka na sehemu ya ule udongo. Sabuni yenyewe ilikuwa ya kipande, ya kufulia. Nimeilalamikia mpaka mhariri amechoka nami, lakini nitasema tena: ngozi hupenda uchachu kidogo, pH 5 hivi, na sabuni ile iko kwenye 9 au 10. Kisha ikafuata pamanganeti, dawa ambayo nayo hukausha. Kisha jua. Vikaushio vitatu mfululizo, na kirejesho pekee kikafunikwa kwa amri ya filimbi.

Kitazameni kisigino cha mvulana wa shati la kijani pale kamera inapomkaribia. Kabla ya maji kilikuwa na magaga, vumbi, na vile vivimbe vyeupe vyenye nukta nyeusi katikati. Baada ya kuanikwa kimekuwa kahawia ya pamanganeti, na pembeni nyufa zimeachama, ndani mwake wekundu mtupu. Funza jike haombi ufa ili aingie. Bakteria ndio wanaousubiri, na mtoto yule atatembea nyumbani kwenye vumbi lile lile.

Mengine yalikwenda sawa: glavu mpya, dawa iliyopimwa badala ya kukisiwa, na hakuna aliyeshika pini kuchokoa funza.

Ila hata hiyo pamanganeti, kwa nini bado tuko nayo? Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa humu humu Kenya, mtoto akipakwa dimetikoni mguu mmoja na mwingine ukilowekwa kwenye pamanganeti. Baada ya siku 7, asilimia 78 ya funza wa upande wa dimetikoni walikuwa wamekufa, upande wa pili asilimia 39. Dimetikoni ni mafuta mepesi yanayopenya kwenye kile kitundu ambacho funza hukiacha wazi apate kupumua. Haichomi, haikaushi. Karai la zambarau la pamanganeti linapendwa kwa sababu linapendeza kwenye picha, na mwenye hoja nyingine ailete.

Wahudumu wa ukoma wa zamani wangemfukuza mkuu huyu uwanjani. Jirani yetu Busia, Alupe, kulikuwa na kituo cha utafiti wa ukoma kilichohudumia Afrika Mashariki nzima, na kanuni ya kazi ile popote ilipofanywa ilikuwa fupi: loweka, sugua magaga, paka kabla mguu haujakauka. Daktari Paul Brand alipoonyesha kule India kwamba vidole vya wagonjwa vinapotea kwa vidonda vya mguu usiohisi, mafuta ya bei rahisi yakawa na heshima sawa na kisu cha upasuaji. Majuzi tu, Ethiopia, wagonjwa wa matende ya udongo mwekundu, ugonjwa ambao umeripotiwa pia Kapchorwa upande wa pili wa Elgon, waliongezewa gliserini asilimia 2 kwenye maji ya kulowekea, na ngozi yao ikashika maji vizuri zaidi. Watu wanahangaika kuuongezea mguu unyevu, sisi tunauanika.

Na aibu hii inatupata Kitale, mji wa maziwa! Hapa ng'ombe huoshwa chuchu kwa maji ya uvuguvugu, akafutwa kwa kitambaa safi na kupakwa mafuta ya kukamulia ili zisipasuke. Mafuta ya Arimis yalianzia zizini kabla ya kuhamia usoni kwa watoto wa shule.

Mafuta ya mgando yalipata hataza Marekani mwaka 1872, mwaka ule ule ambao meli kutoka Brazili inasemekana ilimshusha funza Ambriz, Angola. Dawa ya nyufa na mdudu vimezeeka pamoja.

Najua kuna msomaji wa Chwele atakayeniandikia kwamba mguu mbichi ndani ya kiatu huzaa fangasi. Kweli, katikati ya vidole. Hapo futa mpaka pakauke kabisa na usipake kitu. Kisigino, unyayo na kingo za mguu viguse tu kwa taulo, viache na unyevu, upake. Na kuhusu viatu kuchafuka, kila jozi ilikuja na soksi, zinaonekana wazi zikiwa bado kwenye mifuko yake ya nailoni. Mafuta hayakuwa mengi, najua, bajeti ni finyu. Lakini wahudumu wote walivaa fulana mpya zilizochapishwa jina la zoezi mbele na nyuma, na bei ya fulana moja inanunua makopo kadhaa.