Kioo chenye mvuke hudanganya kuliko ukungu

Dereva akiingia kwenye ukungu hupunguza mwendo, au huuongeza bila kujua? Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walitoa jibu lao katika jarida la Nature: huuongeza. Katika mtambo wa kuigiza uendeshaji, kadiri mandhari yalivyofifia ndivyo watu walivyokwenda kasi zaidi, nao wakidhani mwendo ni uleule. Jibu hilo lilienea sana. Mimi naona lilienea kupita kiasi, kwa sababu halikuuliza picha ilififia vipi.

Swali hilo lilijibiwa mwaka 2012 na kundi la watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani. Kwanza walififisha picha nzima kwa kiwango kimoja, vya karibu na vya mbali sawasawa. Madereva wakaudharau mwendo wao. Kisha wakaweka ukungu kama ulivyo kweli: lami iliyo mbele ya bampa inaonekana, mti ulio umbali wa mita mia umemezwa. Hapo matokeo yaligeuka, watu wakajiona wanakimbia na wakapunguza. Vitu vya karibu ndivyo vinavyopita machoni upesi; vya mbali vikitoweka, jicho hubakiwa na vile vya haraka tu. Ili kuhakikisha, wakabuni ukungu wa kinyume, usiopatikana duniani, unaoficha vya karibu na kuacha vya mbali. Kasi ikadharauliwa tena.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo Kimende, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Matatu imejaa, makoti yamelowa, madirisha yamefungwa kwa baridi, na pumzi za abiria zinageuka matone kwenye kioo cha mbele. Mvuke huo haujali umbali. Hufifisha kila kitu kwa pamoja, sawa na jaribio lile la kwanza. Ukungu wa nje unamwambia dereva apunguze, kioo kinamwambia bado yuko taratibu. Kwa kilomita 80 kwa saa gari hula mita 22 kila sekunde, na sekunde moja na nusu ya kushtuka ni mita 33 kabla breki haijaguswa. Basi macho yasiaminiwe. Mshale wa spidi ndio usomwe.

Kiyoyozi kiwashwe hata kama kuna baridi, maana hukausha hewa, na upepo wa moto uelekezwe kwenye kioo. Gari lisilo nacho lifunguliwe madirisha kidogo, abiria wanune. Kufuta kwa kiganja huacha mafuta yanayotawanya mwanga wa magari yajayo. Taa za mbele ziwe za chini, kwani zile kali hugonga matone ya ukungu na kumrudia dereva usoni. Ikishindikana kabisa, toka barabarani mpaka kituo cha mafuta. Ukisimama ukingoni huku taa za nyuma zinawaka, anayekuja atazifuata akidhani unatembea.