Kiolezo kizuri, ila hakina kumbukumbu

Ukifungua bloku ya Python ndani ya GNU Radio Companion, unakaribishwa na kiolezo kinachozidisha kila sampuli kwa namba moja. Kwa anayeanza ni kizuri: kifupi, na kinafanya kazi papo hapo. Shida inaanza ukitaka kukigeuza kiwe chanzo cha mawimbi. Unaandika in_sig=None, unajaza output_items[0], unadhani umemaliza. Bado!

Kuzidisha hakuhitaji kumbukumbu, wimbi linahitaji. GNU Radio huita work tena na tena, kila mara ikiomba kipande kingine. Tuseme kipande ni sampuli 4096, na kasi ni sampuli 32000 kwa sekunde. Toni ya Hz 1000 inatimiza mizunguko 128 kamili, kwa hiyo hata ukianza upya kila kipande, mambo yanaonekana safi. Sasa jaribu Hz 1100: mizunguko 140.8. Wimbi linakatika kila kipande kinapoanza, spektra inachafuka, nawe unaishia kuilaumu antena.

Dawa ni ndogo tu: hifadhi fezi ya mwisho kwenye self, uendelee nayo. Kiolezo kingekuwa na mfano huo, kingefundisha zaidi ya kuzidisha. Kwa sasa, usiipime bloku yako kwa Hz 1000 peke yake.