Linki iseme unataka nini, isiseme wewe ni nani

Kila Oktoba mkulima wa chai wa Litein na mwenzake wa Kapkoros huuliza swali moja: bonasi ni shilingi ngapi kwa kilo? Majibu hayalingani, kwa sababu kila kiwanda kinachosimamiwa na KTDA, wakala wa chai wa Kenya, ni kampuni yenye hesabu zake, na wenye hisa ni wakulima wenyewe. Huku Kericho na Bomet, ambako wakulima wamelalamika mara kwa mara kwamba wanapata kidogo kuliko wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa, tarakimu hizo husomwa kwa makini sana. Kwa hiyo anayetengeneza tovuti ya kuzionyesha ana ukurasa wa sura moja wenye majibu mengi.

Njia ya kizamani ni kuandika faili moja kwa kila kiwanda: la Litein, la Kapkatet, la Momul, la Tirgaga, la Mogogosiek. Inafanya kazi mpaka siku ya kubadilisha kitu. Ukisahau faili moja, watu wa Mogogosiek wanabaki wakisoma malipo ya mwaka jana.

Njia bora ni kuwa na kiolezo kimoja, na tarakimu zote zikae kwenye hifadhidata. Linki inaandikwa hivi: bonasi.php?kiwanda=litein. Kilicho baada ya alama ya kuuliza ni kigezo, jina likiwa kushoto na thamani kulia. Mtu akibofya, kivinjari hupeleka ombi hilo kwa seva pamoja na kigezo chake. Seva hulichomoa neno «litein», hutafuta mstari wake kwenye jedwali, hujaza nafasi zilizoachwa wazi katika kiolezo, kisha hurudisha ukurasa uliokamilika. Lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995, ilienea duniani kwa kazi za namna hii hasa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba neno hilo linaweza kuandikwa na mtu yeyote, si wewe tu uliyetengeneza linki. Seva ililinganishe kwanza na orodha ya viwanda inavyovijua. Lisipokuwemo, ijibu 404, yaani ukurasa haupo, badala ya kuonyesha jedwali tupu linalomfanya mkulima adhani hakulipwa. Na kamwe neno la kwenye linki lisitumiwe moja kwa moja kama jina la faili la kufungua, maana mwenye nia mbaya ataandika njia ya faili la siri na seva itamfungulia.

Ipo njia nyingine ninayoipenda kwa jedwali dogo kama la bonasi: bonasi.html#litein. Kilicho baada ya alama ya reli hakiendi kwa seva. Kinabaki ndani ya kivinjari, na JavaScript au hata CSS peke yake huonyesha sehemu inayohusika na kuficha nyingine. Ukurasa unapakuliwa mara moja ukiwa na viwanda vyote, halafu mtu anahama kutoka kiwanda hadi kiwanda bila kuhitaji mtandao tena. Kwa aliye bondeni, ambako mtandao unakuja na kupotea, hiyo ni nafuu kubwa. Ila usiipakie picha nzito, na usiweke humo chochote cha siri, kwa sababu vyote vimeshafika kwenye simu ya msomaji, hata vile visivyoonekana.

Vyovyote utakavyochagua, anwani ibadilike yaliyomo yanapobadilika. Tovuti nyingi huweka vitufe vinavyobadilisha jedwali huku anwani ikibaki ileile. Mtu akiinakili na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, wenzake wote wanaangukia ukurasa wa mwanzo.

Shida kubwa huanza pale mtengenezaji anapotumia ujuzi huohuo kwa taarifa ya malipo ya mtu binafsi. Anaandika malipo.php?mkulima= kisha namba. Namba ya mkulima si siri: imechapishwa kwenye risiti ya majani yaliyopimwa kituoni, na karani na majirani wanaweza kuiona. Badilisha tarakimu ya mwisho, na umefungua kilo, makato na mikopo ya jirani. Mwaka 2019 ilibainika kwamba kampuni ya Marekani ya First American ilikuwa imeacha wazi nyaraka kama milioni 885 za wanunuzi wa nyumba kwa kosa hilohilo. Kubadilisha tarakimu kwenye linki kulitosha.

Linganisha na menyu ya USSD kwenye simu ya kabambe. Huko pia unabonyeza namba na kupata maandishi tofauti, lakini namba ya simu yako inaletwa na mtandao wenyewe, huiandiki wewe. PIN inaongezwa kwa sababu simu huazimwa. Linki ya intaneti haina shahidi wa namna hiyo. Inabeba tu kilichoandikwa ndani yake.

Kwa hiyo linki itaje mwezi tu: malipo.php?mwezi=9. Namba ya mkulima itoke kwenye kumbukumbu ya seva baada ya mtu kuingia kwa nywila au kwa msimbo uliotumwa kwa SMS, na kila swali kwa hifadhidata lifungwe kwa namba hiyo. Kuificha namba kwa mfuatano mrefu wa herufi za nasibu hakutoshi, kwa sababu linki ikishatumwa kwa mwingine inafungua vilevile.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Wakurugenzi wa viwanda mnaoagiza tovuti hizi, kabla ya kuipokea kazi fungueni linki ya taarifa ya malipo kwenye simu ambayo haijaingia kwenye akaunti yoyote. Taarifa ikionekana, mrudishieni fundi kazi yake.