Takriri Isiyosisitiza: Piano katika "My Favorite Things"

Takriri katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili aghalabu huelezwa kwa neno moja: msisitizo. Mwanafunzi akishabainisha kuwa neno fulani limerudiwa katika ubeti, huandika kuwa mshairi anausisitiza ujumbe wake, kisha husonga mbele. Upungufu wa maelezo haya hudhihirika pale kinaporudiwa kitu kisicho na ujumbe wowote wa kusisitizwa.

Mfano mwafaka ni "My Favorite Things" kama ilivyorekodiwa na John Coltrane mwezi wa Oktoba 1960. Richard Rodgers na Oscar Hammerstein waliutunga wimbo huu kwa ajili ya The Sound of Music, tamthilia ya nyimbo iliyoanza kuonyeshwa New York mwaka wa 1959. Jukwaani ni wimbo mfupi, na kodi zake, yaani mafungu ya sauti zinazolia kwa pamoja, hubadilika pamoja na maneno. Coltrane ameyaacha maneno. Anapobuni papo kwa papo kwa saksafoni ya soprano, mpiga piano McCoy Tyner hamfuatishi kodi zote za wimbo. Hurudia mbili tu, E maina na E meja, katika rekodi inayozidi dakika 13.

Msikilizaji wa pupa ataona umaskini hapa, kana kwamba piano imekwama. Yamkini hajasikiliza mkono wa Tyner, ambao huuhamisha mkazo kila mara ndani ya duara lile lile. Zaidi ya hayo, kodi zinazobadilika humlazimisha mpigaji kufika mahali fulani kwa wakati uliopangwa. Zinaporudiwa, wakati huwa wake. Anaweza kukaa katika maina apendavyo, na kule kuvuka kwenda meja, ambako kwingine kungepita bila kutambuliwa, huwa tukio kubwa. Sehemu ya mwisho ya wimbo nayo imezuiliwa hadi mwisho wa rekodi. Takriri hii, basi, haisisitizi. Inaahirisha.

Ni rahisi kuilinganisha na kibwagizo cha shairi, lakini ulinganisho huo una mpaka: kibwagizo huja baada ya ubeti, ilhali kodi za Tyner hulia chini ya sauti inayosindikizwa. Jamaa yake wa karibu zaidi ni sebene ya rumba ya Kongo, ambapo mwimbaji hunyamaza na magitaa yakaanza kuzunguka.